Mchimba Kisima na Jirani Yake

Wazee wetu walituachia methali isemayo: Mchimba kisima huingia mwenyewe. Walitaka kutuonya ya kuwa ubaya humrudia autendaye. Nayo ni kweli kwa fitina na hila za kijijini, mahali ambapo watu wote hupita njia moja, na kila mtu ajua shimo li wapi na ni nani aliyelichimba. Lakini zimekuja zama ambazo mashimo mengine ni makubwa kupita methali hiyo. Aliyeyachimba yu mbali, katika mji mwingine, pengine katika bara jingine. Yeye hapiti kando yake usiku. Apitaye ni jirani, na jirani ndiye atumbukiaye.

Twazungumza juu ya visima vya mafuta. Swali letu ni moja lenye matawi mawili. Je, serikali iwe na nguvu kiasi gani juu ya wachimbaji? Na madhara yakitokea, mzigo ubebwe na nani: kampuni iliyotafuta faida, raia walipao kodi, au mvuvi na mkulima ambaye kosa lake ni kuwa karibu tu? Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wahandisi na wanasheria, si ya gazeti lisomwalo nyumbani baada ya chakula cha jioni. Hatukubali. Swali la nani alipe ni swali la haki, na haki haina fundi wake peke yake. Tena jambo hili si la ng'ambo tu. Tarehe 1 Februari 2022 yalitangazwa maamuzi ya mwisho ya kutoa mafuta ya Uganda, yaliyogunduliwa mwaka 2006, na kuyaleta baharini kwa bomba la kilomita 1,443, kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga. Kilomita 1,147 za bomba hilo zimo Tanzania, katika mikoa 8. Yafaa basi tujifunze kwa waliotutangulia, kabla hatujafunzwa na msiba wetu wenyewe.

Yaliyotokea katika Ghuba ya Meksiko

Usiku wa tarehe 20 Aprili 2010, kiasi cha kilomita 66 kutoka pwani ya jimbo la Louisiana, Marekani, mtambo wa kuchimbia mafuta uitwao Deepwater Horizon ulilipuka. Walikuwamo watu 126. Watu 11 walikufa, wala miili yao haikuonekana tena. Baada ya siku mbili mtambo ulizama, na kisima kilichokuwa chini yake, mahali penye kina cha maji cha mita 1,500 hivi, kikabaki wazi, kikitapika mafuta baharini. Kilitapika siku 87. Wataalamu wa serikali walikadiria kuwa yalitoka mapipa 4,900,000. Mahakama ilipima ushahidi wa pande mbili, ikaondoa yaliyokusanywa, na mwaka 2015 ikaamua kwamba yaliyoingia baharini yalikuwa mapipa 3,190,000. Ilifika siku ambapo zaidi ya theluthi moja ya maji ya Ghuba yaliyo chini ya serikali kuu ya Marekani yalifungwa, watu wasivue.

Kisima kilikuwa cha BP na washirika wake. Mtambo ulikuwa wa Transocean. Saruji ya kuziba kisima ilipangwa na kumwagwa na Halliburton. Wakuu wao walipoitwa mbele ya Baraza la Senate, mwezi wa Mei, kila mmoja alimnyoshea mwenzake kidole. Ilimpasa jaji awagawie lawama kama vile mama agawavyo ugali kwa watoto wagombanao: mwaka 2014 aliamua kuwa BP ilikuwa na asilimia 67 ya kosa, Transocean 30, Halliburton 3. Tume iliyochunguza msiba huo ilikuwa imekwisha kusema, Januari 2011, ya kuwa mengi katika maamuzi yaliyoongeza hatari ndiyo yayo hayo yaliyookoa muda na fedha. Jaribio la mwisho la kupima kama kisima kimezibika lilitoa dalili mbaya, na waliokuwapo wakaieleza dalili hiyo kwa namna iliyowaruhusu kuendelea na kazi. Hakuna aliyetaka kuua. Walitaka kumaliza kazi iliyokuwa imechelewa.

Na mlinzi alikuwa wapi? Mlinzi alikuwapo, tena kwa sheria. Tangu mwaka 1982 idara moja ya serikali ilikuwa na kazi tatu pamoja: kuwagawia makampuni vitalu vya kuchimba, kukusanya mrabaha, na kukagua usalama. Mrabaha ule ulikuwa miongoni mwa mapato makubwa ya serikali yasiyo kodi. Kwa hiyo mtu yule yule aliyesifiwa fedha zilipoongezeka ndiye aliyetakiwa kusema: Simameni, kisima hiki si salama. Wasomaji wetu wakulima watatuelewa upesi. Mtu akimweka mlinzi wa shamba na kumlipa kwa idadi ya magunia yatokayo, asishangae akiona mlinzi huyo hafungi lango.

Matunda yake yalikuwa haya. Mpango wa dharura wa kampuni, uliokubaliwa na idara hiyo, ulitaja miongoni mwa wanyama wa kuokolewa katika Ghuba ya Meksiko mnyama mmoja mkubwa mwenye meno mawili marefu, aishiye penye barafu za kaskazini mwa dunia. Mnyama huyo haonekani kamwe katika maji ya joto ya Louisiana. Mipango ya makampuni mengine nayo ilimtaja. Maana yake ni nini? Ni kwamba karatasi iliandikwa kwa ajili ya bahari nyingine, ikanakiliwa, ikatiwa muhuri, na hakuna aliyeisoma. Sheria ilikuwapo, ofisi ilikuwapo, muhuri ulikuwapo. Kilichokosekana ni mtu mwenye nia ya kukataa.

Wasemao serikali ikae kando

Kuna watu wema na wenye akili wasemao kwamba serikali iwaachie wachimbaji kazi yao. Tuseme hoja zao kwa haki. Wanasema: ajuaye kuchimba ni mchimbaji, si karani. Kanuni huandikwa kwa mambo ya jana, na hatari hutoka katika mambo ya leo. Wakaguzi huhongwa, kama si kwa fedha basi kwa karamu. Kampuni yenyewe ina sababu zote za kutotaka kupoteza mtambo na watu wake. Na ikikosea, mahakama zipo: na ilipe, fundisho hilo litatosha. Wanaongeza na hoja iliyo nzito kuliko zote: kila sharti jipya hupandisha bei, na bei ikipanda, mwenye gari kubwa hunung'unika tu, lakini mwenye kibatari hukaa gizani.

Hoja hizo hazifai kudharauliwa. Lakini twaona zinapungukiwa mahali patatu.

Kwanza, wasemao na alipe baadaye wanasahau kuwa yako madeni yasiyolipika. BP ililipa, tena ililipa sana. Mwaka 2012 ilikubali kuungama makosa ya jinai, yakiwamo ya kuua watu 11 bila kukusudia, na kulipa dola bilioni 4. Suluhu ya mwaka 2016 na serikali kuu na majimbo ilikuwa ya dola bilioni 20.8. Ni fedha ambazo akili haiwezi kuzihesabu. Lakini katika watu wale 11 hakuna hata mmoja aliyerudi nyumbani kwa ajili ya fedha hizo. Wala hakuna aliyekwenda gerezani. Fidia ni dawa ya mali. Kwa uhai ni rambirambi tu. Ndiyo sababu haki haiwezi kungoja mpaka ng'ombe atumbukie.

Pili, asemaye na alipe baadaye anadhani ya kuwa baadaye mwenyewe atakuwapo. Si mara zote. Mwaka 2004 tufani iitwayo Ivan iliporomosha tope chini ya bahari na kuuangusha mtambo wa kampuni ya Taylor Energy, karibu na Louisiana. Mafuta yakaanza kuvuja, yakavuja zaidi ya miaka 14 kabla ya kuwekwa kifaa cha kuyakinga mwaka 2019. Kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kuuza mali zake tangu mwaka 2008. Kilichosaidia ni kwamba mwaka huo serikali iliitaka iweke akiba ya dola milioni 666 kwa ajili ya kazi ya kuziba na kusafisha. Na baadaye kampuni ikaenda mahakamani kudai irudishiwe kiasi kilichobaki. Huko huko Marekani, barani, kuna maelfu na maelfu ya visima vilivyoachwa, ambavyo wenyewe wamefilisika au hawajulikani. Wao huviita visima yatima. Mwaka 2021 Bunge lao lilitenga dola bilioni 4.7 za umma ili vizibwe. Tulifikiri neno hilo, yatima. Mtoto yatima hakuchagua kuachwa. Lakini kisima hiki baba yake alikula faida yote, kisha akatoroka, na malezi yakawa ya kijiji.

Tatu, na hili ndilo husahauliwa kuliko yote, wasemao serikali ikae kando mara nyingi wamekwisha kula chakula cha serikali. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990, iliyotungwa baada ya meli Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, ilimtaka mchimbaji wa baharini alipe gharama zote za kusafisha. Lakini hasara za watu, kama vile za mvuvi na mwenye hoteli, iliziwekea kikomo cha dola milioni 75, isipokuwa ikithibitika uzembe mkubwa au kuvunjwa kwa kanuni. Kikomo hicho hakikuota chenyewe kama uyoga. Ni serikali iliyokiweka. Ni kama kumwambia mgeni, kabla hajaingia: Ukiichoma nyumba yangu, utanilipa kikombe. Mgeni aliyeambiwa hivyo hana haja ya kuwa mwovu ili awe mzembe. Yatosha awe na shughuli nyingi. Basi aombaye serikali isiingilie, na aanze kwa kuirudisha kinga hiyo aliyopewa.

Wasemao serikali ishike yote

Upande wa pili wako wasemao: Makampuni ni ya kigeni, yana uchoyo, serikali ni yetu. Na ichimbe yenyewe, au iwe mwenye hisa mkubwa, na mambo yatakuwa salama. Nao tuwaonyeshe mahali pa kutazama. Nchini Nigeria mafuta yaligunduliwa Oloibiri mwaka 1956. Katika ubia mkubwa uliochimba katika nchi ya Wa-Ogoni na majirani zao, shirika la serikali lilikuwa na asilimia 55 kwa miaka mingi, na Shell, iliyoendesha kazi, asilimia 30. Serikali, basi, ilikuwa ndani, tena kwa zaidi ya nusu. Je, mkulima alilindwa? Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliokwenda Ogoni walitoa taarifa yao mwaka 2011. Walisema kuisafisha nchi ile kutahitaji miaka 25 hadi 30. Katika kijiji kimoja walikuta watu wakinywa maji ya visima yenye sumu ya benzini zaidi ya mara 900 ya kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Na walipokuwapo watu waliosema kwa sauti, serikali ya kijeshi iliwanyonga tisa kati yao, mwandishi Ken Saro-Wiwa akiwamo, tarehe 10 Novemba 1995. Watu wa Bodo, ambao maji yao yaliharibiwa na mivujo miwili mwaka 2008, walipata fidia ya pauni milioni 55 mwaka 2015. Lakini ilibidi waitafute London, katika nchi ya watu wengine.

Hapa twaona ukweli mchungu. Serikali si malaika aliyesimama nje ya ugomvi. Serikali yenye hisa katika kisima nayo ni mchimba kisima. Mrabaha ukipungua, inaumia. Kazi ikisimama, inaumia. Na mkulima akilalamika, inamsikia kwa sikio la mfanya biashara. Refa aliyevaa jezi ya timu moja, hata akiwa mtu mwema, hataiona rafu ya wenzake.

Kwa hiyo ubishi wa nguvu nyingi au nguvu kidogo, kwa maoni yetu, umekosea njia tangu mwanzo. Idara ile ya Marekani haikuwa na uhaba wa nguvu. Iliweza kukizuia kisima kile kwa saini moja. Serikali ya Nigeria haikuwa dhaifu, iliweza kunyonga. Swali la kweli ni hili: nguvu hiyo inamtumikia nani, na ni nani awezaye kuiuliza? Papa Pius XI, mwaka 1931, alifundisha kwamba lile ambalo watu wadogo waweza kulitenda wenyewe, wakubwa wasiwanyang'anye. Na kwamba mkubwa yupo ili kumsaidia mdogo. Mvuvi mmoja hawezi kukagua kisima kilicho chini ya mita 1,500 za maji. Hapo ndipo serikali inapopata haki yake ya kutawala, na hapo hapo ndipo penye mpaka wake: ipo badala ya yule asiyeweza, si badala ya mwenye kisima.

Nguvu iliyopita njia ya mkato

Yako mambo mawili katika msiba ule wa 2010 ambayo yametutaabisha, wala hatutaki kuyaficha kwa sababu ni magumu.

Mwezi wa Mei serikali ya Rais Obama ilisimamisha kwa miezi 6 uchimbaji katika bahari yenye kina kirefu, na kazi katika visima 33 ikasimama. Tarehe 22 Juni jaji mmoja wa New Orleans aliizuia amri hiyo, akiona kwamba kosa la mtambo mmoja halithibitishi hatari ya mitambo yote. Serikali ikatoa amri nyingine mwezi wa Julai, ikaiondoa tarehe 12 Oktoba. Huko Louisiana uvuvi na mafuta vyaishi katika miji ile ile, pengine katika nyumba moja. Nyavu zimekauka kwa sababu ya mafuta, na kibarua cha mtamboni kimesimama kwa sababu ya amri. Je, yule kibarua amekosa nini? Hakukosa neno. Wengine wakasema: Tazameni, kanuni ndizo zinazoua kazi. Sisi twasema kwamba gharama ya kusimama ni sehemu ya gharama ya mlipuko. Nyumba ikiungua, na watu wa mtaa wakazuiwa kuwasha moto mpaka ijulikane moto umetoka wapi, njaa ya usiku ule haitoki kwa aliyezuia, yatoka kwa aliyeunguza. Hata BP ilikubali kutoa dola milioni 100 kwa ajili ya wafanyakazi hao waliokosa kazi. Lakini twakiri pia kwamba jaji alikuwa na neno: serikali imzuiapo asiyekosa, yapasa itoe sababu zake wazi, tena izipime.

La pili ni hili. Tarehe 16 Juni mwaka ule ule, baada ya mazungumzo katika Ikulu, BP ilikubali kuweka mfuko wa dola bilioni 20 wa kuwalipa waliopata hasara. Kikomo cha dola milioni 75 kikawa kama hakipo. Siku ya pili mbunge mmoja aliiomba kampuni msamaha hadharani, akisema imenyang'anywa; jioni akaomba msamaha kwa ule msamaha wake. Watu wengi walimcheka. Sisi hatucheki sana. Mfuko ulikuwa wa haki, na watu walihitaji chakula mwezi ule, si hukumu ya mwaka wa tano. Lakini haukutokana na sheria yoyote iliyoandikwa. Ulitokana na kiongozi mwenye nguvu aliyekutana na kampuni yenye aibu. Mwaka mwingine kiongozi aweza kuwa dhaifu, au kampuni isiwe na aibu. Je, mvuvi atakula nini mwaka huo? Haki inayotegemea tabia ya wakubwa ni sadaka. Na maskini asilipwe sadaka mahali anapodai deni.

Sheria ya shimo

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imo sheria fupi juu ya mtu afunuaye au achimbaye shimo bila kulifunika, na ng'ombe au punda wa mwingine akaangukia ndani. Mwenye shimo lazima amlipe mwenye mnyama, na mzoga utakuwa wake. Ni sheria ya wafugaji wa kale, lakini tukiitazama vizuri, twaona imeshika swali letu kwa pembe zake zote.

Haikukataza kuchimba. Watu wahitaji maji, na leo wahitaji mafuta ya kupeleka wagonjwa hospitali na mazao sokoni. Asemaye visima vyote vifungwe kesho asubuhi na aseme pia mama mjamzito wa kijijini atapandishwa nini. Haikuuliza kama mchimbaji alikusudia ubaya. Haikumtaka maskini mwenye punda athibitishe uzembe mbele ya mawakili 20. Shimo lilikuwa wazi, mnyama amekufa, yatosha. Haikuweka kikomo cha kulipa nusu ya punda. Walakini haikumwonea mchimbaji: akiisha kulipa, mzoga ni wake, wala hafukuzwi kijijini. Na zaidi ya yote, kosa lililotajwa si la kuanguka kwa mnyama, bali la kutofunika. Maana yake wajibu ulikuwapo tangu siku ya kuchimba, hata kama asingepita punda yeyote.

Kwa mwanga huo twasema mambo matatu kwa nchi zetu.

La kwanza, anayekusanya na anayekagua wasiwe mtu mmoja. Marekani ililijua hilo baada ya vifo. Mwaka 2010 na 2011 waliigawanya idara ile, wakaweka mkusanyaji mbali na mkaguzi. Sisi tumekwisha kulitambua katika maandishi. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2013, iliiweka mamlaka ya kusimamia mbali na shirika la kufanya biashara ya mafuta. Tanzania ilifanya vivyo hivyo kwa Sheria ya Petroli ya mwaka 2015: TPDC ikawa shirika la biashara, na usimamizi ukapewa PURA na EWURA. Hilo ni jambo jema na lastahili sifa. Lakini tukumbuke kwamba katika kampuni ya bomba la Tanga, TPDC ina asilimia 15 na shirika la Uganda asilimia 15, pamoja na TotalEnergies yenye 62 na CNOOC yenye 8. Serikali zetu ni wachimbaji pia. Basi wale wakaguzi wapewe mishahara, vyombo na kinga ya kuweza kumwambia hata Waziri: Hapana. Mkaguzi asiyeweza kukataa ni mwandishi wa barua.

La pili, akiba iwekwe kabla, si kutafutwa baada. Kampuni iweke fedha mahali ambapo haiwezi kuzigusa, kiasi cha kuziba, kusafisha na kufidia, na akiba hiyo irudi tu kazi ikiisha salama. Wapo watakaosema kuwa sisi nchi maskini hatuwezi kudai masharti ya matajiri, kwamba wawekezaji watakimbia. Twajibu kinyume chake: ni tajiri awezaye kukosa masharti. Marekani ilipoachiwa visima yatima, ilitoa dola bilioni 4.7 mfukoni mwake. Sisi tutazitoa wapi? Mvuvi wa Tanga mwenye ngalawa moja hana ngalawa ya pili ya kujifunzia.

La tatu, atakayetumbukia asikilizwe kabla shimo halijachimbwa, tena alipwe kabla hajahamishwa. Njiani mwa bomba wako watu waliothaminiwa mashamba yao, wakaambiwa wasiendeleze kitu, kisha wakangoja miaka kabla ya kuona fedha. Miaka hiyo migomba haikungoja, wala ada za shule hazikungoja. Kumngojesha maskini ni namna ya kumkopa bila kumwomba. Ongezeko lililolipwa kwa ajili ya ucheleweshaji ni jambo la haki, lakini haki iliyo bora ni kutochelewa.

Sisi nasi

Haingekuwa haki kumaliza kwa kuwanyoshea vidole makampuni na serikali tu. Gharama haipotei, huhama. Mafuta yanapouzwa kwa bei ndogo kuliko gharama yake, mtu fulani amelipa tofauti: mvuvi wa Louisiana, mama wa Ogoni anywaye maji yenye sumu, mtoto ambaye baba yake hakurudi kutoka mtamboni. Sisi tunaopanda basi na kujaza pikipiki tumekula katika sahani hiyo. Tukitaka mchimbaji alifunike shimo lake, tuwe tayari kulipa senti chache za kifuniko, na tusiwe wa kwanza kupiga kelele bei ikipanda kwa sababu hiyo. Tena tudai, kwa upande wetu, mzigo wa senti hizo usimwangukie mwenye kibatari sawa na mwenye magari kumi.

Na tusidhani kwamba sheria ikiisha andikwa imeandikwa milele. Baada ya msiba ule, Marekani ilitoa mwaka 2016 kanuni kali za kuzuia milipuko ya visima. Mwaka 2019 zililegezwa. Mwaka 2023 baadhi zikakazwa tena. Kanuni iliyoandikwa kwa damu hufutwa kwa kalamu, siku ambayo watu wamesahau damu ilikuwa ya nani. Kazi ya kukumbuka haikupewa serikali, wala kampuni. Ni yetu: ya mzazi mezani, ya mwalimu darasani, ya diwani aulizaye swali katika mkutano hata kama majibu yanakawia.

Methali ya wazee haikukosea. Ilihitaji tu mkono wetu. Mchimba kisima hataingia mwenyewe kama sisi majirani hatukuweka sheria ya kumfanya ahisi kina cha shimo lake. Tukiiweka mapema, ataliwekea kifuniko, naye atachimba kwa amani, nasi tutapita usiku bila hofu.